Vitufe viwili: kisa cha mwandishi wa miongozo na kampuni ya programu za hospitali

Tarehe 2 Aprili 2014, baadhi ya wafanyakazi wa Epic Systems, kampuni ya programu za hospitali yenye makao yake Verona, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, walipokea barua pepe kutoka kwa mwajiri wao. Ndani yake mlikuwa na mkataba. Mwenye dai la mshahara au la saa za kazi, mkataba ulisema, asiende mahakamani. Aende kwa msuluhishi binafsi, na aende peke yake. Haki ya kuungana na wenzake katika kesi moja, au hata kupokea fedha zilizopatikana katika kesi ya namna hiyo, alikuwa ameiacha. Mpokeaji aliombwa asome, kisha aonyeshe kukubali kwake kwa kubofya vitufe viwili.

Na asiyebofya? Hilo nalo lilikuwa limefikiriwa. Anayeendelea kufanya kazi Epic alihesabiwa kuwa amekubali. Hapakuwa na kitufe cha kukataa.

Kesho yake mwandishi mmoja wa maelezo ya kiufundi, Jacob Lewis, alifuata maagizo, akabofya. Baadaye aliishtaki kampuni kwa kutomlipa saa za ziada, na shauri lake likapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, likaamuliwa tarehe 21 Mei 2018. Kwenye vitabu vya sheria linaitwa Epic Systems Corp. v. Lewis. Hukumu yake nimeisoma mara kadhaa. Mara ya kwanza ulikuwa udaku tu wa mtu anayefanya kazi inayofanana na ya Lewis. Lakini kila nikiirudia, jambo lilelile hunishangaza: ni kesi ya saa za ziada ambayo hakuna jaji, katika ngazi zote tatu, aliyefika kwenye saa zenyewe.

Kwanza mahali. Epic ilianzishwa mwaka 1979 na Judith Faulkner, mtaalamu wa kompyuta, katika chumba cha chini ya jengo mjini Madison, kwa mtaji wa dola 70,000. Haijaingia kwenye soko la hisa wala haijauzwa kwa mtu, na kanuni hizo mbili zimo katika orodha ya amri za kampuni ambazo wafanyakazi huziona zimebandikwa hadi vyooni. Programu zake zinatunza rekodi za sehemu kubwa ya wagonjwa wa Marekani, na zimevuka bahari hadi Cambridge, Copenhagen na Helsinki. Makao ya sasa yako Verona, mji mdogo uliozungukwa na mashamba, na ukiona picha zake utadhani ni uwanja wa watoto wa matajiri: jengo lenye sura ya ngome ya wachawi, jingine kama zizi la shambani, chumba cha mikutano juu ya mti. Kuna ukumbi uliochimbwa ardhini uitwao Deep Space, wenye viti zaidi ya 11,000, ambamo wafanyakazi hukusanyika kila mwezi kusikiliza habari za kampuni. Aliyetimiza miaka mitano hupewa likizo ya wiki nne yenye malipo, na akienda nchi asiyowahi kufika, kampuni humchangia gharama za safari.

Nayataja haya kwa sababu Lewis hakuwa kibarua wa kuhurumiwa. Alikuwa na ofisi, mshahara na bima. Lakini habari nyingi za kazi kwenye kampuni kubwa za programu za afya huishia hapohapo, kwenye ngome na nyumba ya mtini, na kuhusu saa za kazi zinasema sentensi moja: "kazi ni nyingi lakini utajifunza."

Kazi ilikuwa nyingi kwa sababu inayojulikana. Mwaka 2009 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuchangamsha uchumi, na ndani yake lilitenga mabilioni ya dola kwa hospitali na madaktari watakaoacha makaratasi na kuhamia kwenye rekodi za kompyuta. Wanaochelewa wangekatwa malipo baadaye. Hospitali zilizokuwa zikijivuta kwa miaka ishirini zikaanza kukimbia kwa pamoja. Epic ikaajiri vijana kwa maelfu, wengi wametoka chuoni juzi, wenye shahada za fizikia, muziki, historia, wasiowahi kukanyaga wodini isipokuwa kama wagonjwa. Wengine wakawa wasanidi wa programu. Wengine wapima ubora, yaani watu wa kubofya kila kitu mpaka kiharibike. Wengine wakapewa kazi ya kuupeleka mfumo hospitalini, wa kupanda ndege mwanzo wa wiki na kurudi mwishoni, na ile wiki mfumo unapowashwa hawalali, maana hospitali haifungi saa kumi na moja jioni.

Halafu kuna waandishi. Hawa hawaonekani kabisa.

Mimi nimewahi kuandika mwongozo wa mfumo wa mapokezi kwa hospitali moja ya Dar es Salaam. Kurasa arobaini, picha kila ukurasa, nikajiona nimemaliza. Wiki tatu baadaye nilipita pale nikakuta juu ya kompyuta ya mapokezi kipande cha plasta ya vidonda kimebandikwa pembeni mwa kioo, kimeandikwa kwa kalamu ya wino: "Usibonyeze Maliza kabla ya Hifadhi!!" Nikamuuliza dada wa mapokezi kama ameona mwongozo. Akafungua droo, ukawa humo, umekalia biskuti. "Kaka, ule ni wa siku za utulivu," akasema. Nilirudi nikaandika upya, ukurasa mmoja, sentensi ya kwanza ikiwa ile ya kwenye plasta. Kufupisha kurasa arobaini kuwa moja kulinichukua muda mrefu kuliko kuandika zile arobaini. Saa hizo hazionekani kwenye kazi iliyokamilika. Zidisha kwa mfumo wenye moduli za maabara, famasia, upasuaji na malipo, toleo jipya likija na mamia ya mabadiliko, kila badiliko likihitaji mtu wa kumweleza muuguzi kitufe kimehamia wapi, na utajua kwa nini swali la saa za ziada lingeibuka kwa waandishi.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1938. Inasema mfanyakazi akizidisha saa 40 kwa wiki, saa za juu yake hulipwa mara moja na nusu. Kisha inatoa watu kadhaa nje ya kinga hiyo: mameneja, wataalamu wenye elimu ya juu ya fani, na baadaye wakaongezwa watu wa kompyuta, yaani wachambuzi wa mifumo, waandika programu, wahandisi wa programu. Mtu wa kompyuta anaweza kulipwa mshahara usiobadilika hata akifanya saa 70, mradi mshahara huo usipungue kiwango. Enzi hiyo kiwango kilikuwa dola 455 kwa wiki, au dola 27.63 kwa saa kama analipwa kwa saa.

Sasa mwandishi wa miongozo ni mtu wa kompyuta? Anakaa mbele ya kompyuta kutwa, anaandika kuhusu programu, ameajiriwa na kampuni ya programu. Lakini haandiki programu. Sheria haiangalii jina la cheo, inaangalia unachofanya kutwa. Kampuni iliwaweka waandishi kwenye fungu la wasiolipwa saa za ziada. Lewis akadai kwamba hapo si mahali pao, yeye na wenzake wote. Mimi naona alikuwa na hoja nzuri. Ila hoja hiyo ilihitaji mahali pa kusikilizwa, na ile barua pepe ilikuwa imeshaamua mahali.

Nayo haikudondoka kutoka mbinguni. Mwishoni mwa 2013 kundi jingine la wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo, wapima ubora, walikuwa wamefungua kesi ya pamoja ya saa za ziada, nayo ilimalizwa kwa maelewano yaliyoigharimu kampuni mamilioni ya dola. Barua ya Aprili ilikuja kesi hiyo ikiendelea. Sitasema mwajiri alifanya la ajabu. Wakili yeyote wa kampuni angemshauri hivyo, na makampuni mengi yalikuwa yameshatangulia.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno. Kwetu Tanzania mfanyakazi mwenye mgogoro huenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwanza wanajaribu kuwapatanisha, mkishindwana anakuja mwamuzi. Ni chombo cha umma, kimewekwa na sheria. Usuluhishi wa kwenye mkataba wa Lewis ni kitu kingine. Ni mtu binafsi anayelipwa kusikiliza na kuamua, mlango umefungwa, uamuzi wake kwa kawaida hautangazwi, na nafasi ya kuukatia rufaa ni ndogo mno. Akimpa mwandishi mmoja ushindi leo, mwandishi wa ofisi ya pili anaweza asijue, na akijua hawezi kuutumia kama kigezo.

Na neno la pili, kubwa zaidi, ni "peke yake".

Chukua hesabu nyepesi. Tuseme mwandishi analipwa dola 1,000 kwa wiki, yaani 25 kwa saa ukigawa kwa 40. Saa ya ziada ni 37.50. Akizidisha saa tano kila wiki kwa wiki 50, anadai dola 9,375. Sheria inaruhusu kiasi hicho kuongezwa maradufu kama fidia, kwa hiyo 18,750. Ni fedha za maana kwa kijana mwenye mkopo wa chuo, lakini kwa wakili mzuri hazilipi hata mtaalamu wa kuchambua kumbukumbu za kazi. Waandishi hamsini wakiungana, zinakaribia milioni moja, na ushahidi ni uleule, mashahidi walewale. Tena kwenye kesi za sheria hii hakuna anayeingizwa kwa nguvu. Kila mmoja anajiunga kwa maandishi. Katika moja ya kesi mbili zilizounganishwa na ya Lewis, ile dhidi ya kampuni ya wahasibu ya Ernst & Young, makadirio yalikuwa kwamba mfanyakazi angetumia dola 200,000 kuthibitisha dai la saa za ziada la dola 1,867.02. Mtu mwenye akili timamu hafungui shauri kama hilo. Analala, asubuhi anakwenda kazini.

Lewis alikwenda mahakama ya shirikisho ya Madison mwaka 2015. Kampuni ikamwambia jaji: huyu alibofya, mrudishe kwa msuluhishi. Jaji Barbara Crabb akakataa. Kampuni ikakata rufaa Chicago, na tarehe 26 Mei 2016 majaji watatu, hukumu ikiandikwa na Jaji Diane Wood, wakakataa tena. Ilikuwa mahakama ya kwanza ya rufaa nchini kukubali msimamo ambao Bodi ya Taifa ya Mahusiano Kazini, chombo cha serikali, iliutangaza Januari 2012, kwamba kumzuia mfanyakazi kuungana na wenzake kudai haki ni kuvunja sheria ya kazi ya 1935.

Mgongano ulikuwa wa sheria mbili za zamani. Ya 1925 inasema mikataba ya usuluhishi iheshimiwe kama ilivyoandikwa, isipokuwa kwa sababu ambazo zingevunja mkataba wowote ule. Ya 1935, kifungu cha 7, inawapa wafanyakazi haki ya kujipanga, kuunda vyama, kujadiliana kwa pamoja, na kushiriki "shughuli nyingine za pamoja" kwa kusaidiana na kulindana. Je, kufungua kesi pamoja ni mojawapo ya shughuli hizo? Kama ndiyo, mkataba wa Epic ni haramu kwa namna ambayo mkataba wowote ungekuwa haramu. Kama siyo, sheria ya 1925 inashika njia na Lewis anaenda peke yake.

Serikali yenyewe ilijipinga. Chini ya Obama mawakili wake walisimama na Bodi. Mwezi Juni 2017, chini ya Trump, wakahamia upande wa waajiri. Kwa hiyo tarehe 2 Oktoba 2017, siku ya kwanza ya msimu wa mahakama, vyombo viwili vya serikali moja vilisimama mbele ya majaji tisa vikivutana.

Waajiri walishinda, watano kwa wanne. Jaji Neil Gorsuch, aliyekuwa na mwaka mmoja na ushee mahakamani, aliandika kwa niaba yake, Roberts, Kennedy, Thomas na Alito. Hukumu yake inasomeka vizuri, lazima nikiri, na hoja yake si ya kijinga. Kifungu cha 7, alisema, kinahusu vyama na majadiliano, yale ambayo wafanyakazi huyafanya wenyewe kazini. Hakitaji taratibu za mahakamani popote, na taratibu za kesi za pamoja kama zijulikanavyo leo zilikuja miongo kadhaa baadaye. Bunge, kwa maneno yake, halikumficha tembo ndani ya shimo la panya. Mtu anaweza kuiona sera hii kuwa nzuri au mbaya, ila sheria iko wazi.

Ninaposhindwa kumfuata ni mwanzoni kabisa. Sentensi yake ya kwanza inauliza kama waajiri na waajiriwa waruhusiwe kukubaliana kumaliza migogoro yao mmoja kwa mmoja. Ukishalimeza neno "kukubaliana", kurasa zilizobaki zinateleza zenyewe. Lakini rudi kwenye barua pepe. Wapi walipokubaliana? Huku pwani, bibi harusi akiulizwa kama ameridhia ndoa akanyamaza, kimya chake huchukuliwa kuwa ridhaa, na sijasikia mtu akilalamikia utaratibu huo. Ila anaulizwa kwanza. Mashahidi wapo, walii yupo, na akitikisa kichwa shughuli inasimama na pilau inabaki jikoni. Lewis na wenzake waliambiwa kwamba kufika kwao kazini kesho yake, kuegesha gari, kuwasha kompyuta na kuandika ukurasa wa muuguzi, ndiyo ridhaa. Mtu angekataa vipi bila kuacha kazi? Mahakama ya Chicago ililitaja jambo hilo waziwazi. Kwa wengi wa Mahakama ya Juu halikuwa na uzito.

Jaji Ruth Bader Ginsburg alilipa uzito. Alikuwa na umri wa miaka 85, na siku ya hukumu alisoma muhtasari wa maoni yake ya kupinga kwa sauti mbele ya watu, jambo ambalo majaji hawalifanyi kila siku. Aliuita uamuzi wa wenzake kosa kubwa la wazi, na mikataba ile akaiita ya kukunjwa mkono: chukua au acha. Akarudi nyuma hadi enzi za "mikataba ya mbwa wa manjano", ambayo wafanyakazi wa Marekani walilazimishwa kusaini wakiahidi kutojiunga na chama ili wapewe kazi. Bunge liliivua nguvu mikataba hiyo mwaka 1932. (Mwaka huohuo, na hili si la Ginsburg bali ni langu, kilizaliwa Madison chama cha AFSCME, ambacho sasa ni miongoni mwa vyama vikubwa vya wafanyakazi wa umma Marekani. Kutoka Madison hadi ngome ya wachawi ya Verona ni mwendo mfupi kwa gari.) Kwa Ginsburg, mfanyakazi mmoja mbele ya kampuni hana nguvu ya kujadiliana chochote, kifungu cha 7 kiliandikwa kwa sababu hiyo, na kudai mshahara pamoja mahakamani ni kusaidiana kama kulivyo kusaidiana kwingine kokote.

Kutoka siku hiyo, kampuni yoyote nchini iliyokuwa ikisita ilipata ruhusa. Utafiti uliofanywa kabla ya hukumu ulikadiria kwamba wafanyakazi wapatao milioni 60 wa sekta binafsi wasio na chama walikuwa tayari wamefungwa na usuluhishi wa lazima. Wafanyakazi wa mikahawa, maduka na maghala ndio waliozungumziwa zaidi, na ni haki. Lakini nadhani kuna sababu kisa kikaanzia kwenye kampuni ya programu za hospitali na si kwenye ghala. Watu wa kule wamesoma. Waliweza kuusoma mkataba na kuuelewa. Kazi yao Lewis na wenzake ilikuwa hiyohiyo, kusoma maelezo magumu na kuyafanya yaeleweke na mtu mwenye haraka. Hata hivyo walibofya. Kama mwandishi wa miongozo aliyebobea hana la kufanya mbele ya vitufe viwili, msomaji wa kawaida ana nini?

Kuna kichekesho kilichofuata ambacho sipendi kukiacha. Mawakili wa wafanyakazi walianza kuichukua mikataba kama ilivyoandikwa. Mmesema mmoja mmoja? Sawa. Mwaka 2019 waleta vyakula zaidi ya 5,000 wa kampuni ya DoorDash walipeleka madai yao kwa wasuluhishi, kila mmoja na faili lake, na kila faili lina ada ambayo kampuni inapaswa kulipa. Jumla ikakaribia dola milioni kumi kabla ya dai hata moja kusikilizwa. Kampuni ikagoma kulipa, na ikaja na wazo la kumaliza madai mengi kwa pamoja. Februari 2020 Jaji William Alsup wa San Francisco aliiamuru iende kwa wasuluhishi kama mkataba wake ulivyotaka, mmoja mmoja, wote 5,010, na hakuficha kwamba alikuwa akiuona unafiki. Kwa waandishi wachache wa Verona mbinu hiyo isingefaa, maana inahitaji maelfu. Bunge nalo lilichomoa sehemu moja tu: tangu Machi 2022 mwenye dai la unyanyasaji wa kingono hawezi kulazimishwa kwenda kwa msuluhishi. Mwenye dai la mshahara yuko palepale alipoachwa mwaka 2018.

Kampuni yenyewe ilikutana tena na wafanyakazi wake wakiwa pamoja, safari hii bila mahakama. Agosti 2020, korona ikiwa bado inaua, watu wakiwa wamefanya kazi nyumbani tangu majira ya kuchipua, Epic iliwatangazia warudi Verona kwa awamu kuanzia tarehe 10, wote wawe wamerejea ifikapo Septemba 21. Walikuwa karibu watu 10,000. Hoja ya uongozi ilikuwa kwamba kazi yao inahitaji watu kukaa pamoja, na kwamba karibu kila mtu ana ofisi yake ya kufunga mlango, jambo ambalo ni kweli. Wafanyakazi hawakufungua shauri. Waliandikiana, wakajibu mabosi wao, wakazungumza na waandishi wa habari bila kutaja majina, na malalamiko yakafika idara ya afya ya kaunti, ambayo amri yake wakati huo iliwataka waajiri wawawezeshe watu kufanyia kazi nyumbani kadiri inavyowezekana. Ndani ya siku chache kampuni ililegeza: anayeona hawezi kurudi, asirudi kwa sasa.

Ukikisoma kifungu cha 7 hata kwa miwani ya Gorsuch, kile walichofanya kimo ndani: wafanyakazi wanasemezana wao kwa wao kuhusu kazi yao. Hilo halikuguswa na vitufe. Kisha chanjo zikapatikana, na mwaka uliofuata watu wakaitwa ofisini.